Tulipe milioni 18 kwa mashine ya kugeuza moshi kuwa nano kaboni?

*"Mtaalamu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha watu 11 hapa Tanga. Tuna tanuri la chokaa tuliloachiwa na marehemu baba, na pembeni yake uwanja wa kufyatulia matofali ya saruji. Kwa mwezi tunatoa kama tani 6 za chokaa, tunachomea kuni. Mwezi uliopita alikuja kijana na mashine ya kufunga kwenye bomba la moshi. Anasema inageuza hewa ukaa kuwa unga uitwao nano kaboni, viwanda vya betri vya Ulaya vinaununua kwa dola. Eti inakula umeme kama friji ya nyumbani na inatoa kilo 2 kwa siku. Aliifunga mbele yetu, baada ya saa moja akatutolea unga mweusi, akaushindilia kwenye mrija, akaunganisha na betri, taa ndogo ikawaka. Anataka milioni 18, nusu sasa. Anasema pia tutapata fedha za biashara ya kaboni. Wenzangu wameshakubali. Mimi roho inasita, ila sikusoma sayansi zaidi ya kidato cha nne. Inawezekana kweli? Na kama si hivyo, hakuna chochote tunachoweza kufanya na moshi wetu?"*

Marahaba, dada yangu. La haraka kwanza: msilipe. Si nusu, si robo, wala hiyo "ya kushikia nafasi" ambayo najua itafuata mkisita. Mkishakubaliana hilo, kaeni msome yaliyobaki taratibu, maana swali lako la mwisho ndilo lenye faida, na jibu lake si "hakuna".

Tuanze na ule unga. Mnaujua tangu utotoni: ni masizi. Kuni zikiungua bila hewa ya kutosha, sehemu ya kaboni yake hukosa oksijeni ya kuungana nayo, ikatoka na moshi kama chembe nyeusi. Ndiyo hiyo inayoganda chini ya sufuria na kwenye mapaa ya majiko yetu. Hewa ukaa yenyewe haina rangi wala haionekani. Moshi ukiwa mweusi, weusi huo ni kaboni ambayo haikugeuka kuwa hewa ukaa motoni. Kwa hiyo mashine ya yule kijana haikugeuza kitu, ilichuja tu. Hata kipande cha gunia lililoloweshwa maji kingekupa weusi huohuo ndani ya saa moja.

Huenda akaja na picha za darubini zinazoonyesha vijimrija vidogo ndani ya masizi. Picha zinaweza kuwa za kweli kabisa, kwa sababu watafiti wamewahi kukuta nanotyubu (ndivyo vijimrija hivyo vya kaboni) chache ndani ya masizi ya kawaida. Lakini hata pumba huwa na punje mbili tatu za mchele, na hakuna anayekwenda sokoni kuuza pumba kwa bei ya mchele.

Na ile taa? Chukua penseli ya mtoto, ichonge pande zote mbili, kisha uifanye sehemu ya waya kati ya betri mbili za redio na taa ndogo ya LED. Itawaka. Ndani ya penseli mna kinywe (grafiti, aina ya kaboni) kilichochanganywa na udongo, na kinywe hupitisha umeme. Mkaa uliochomwa kwa joto kali hupitisha pia, na masizi yaliyoshindiliwa vizuri hayako nyuma sana. Taa kuwaka inathibitisha kwamba kuna kaboni pale. Haisemi ni kaboni ya namna gani, wala imetoka wapi.

Sasa nije kwenye lile la friji, maana hapo ndipo kijana alipojikaanga mwenyewe. Kuni zikiungua, kaboni yake inaungana na oksijeni na katika kuungana huko inatoa joto. Joto hilo ndilo linaloivisha ugali wako na kuchoma mawe yako. Hewa ukaa ndicho kinachobaki baada ya kaboni kumaliza kutoa joto lake. Ni jivu, ila jivu linalopaa. Ukitaka jivu hilo lirudi kuwa kaboni, huna budi kulilipa joto lote lililolitoka. Kwa kilo 1 ya kaboni deni hilo ni karibu uniti 9 za umeme, uniti hizihizi unazonunua kwa LUKU. Hicho ni kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na maumbile, kwa mashine isiyopoteza chochote, ambayo haijawahi kutengenezwa. Kilo 2 kwa siku ni uniti 18. Friji ya nyumbani hula uniti 1 au 2 kwa siku. Kwa umeme huo, hata malaika akiendesha mashine, hapati zaidi ya gramu 220. Muulize kijana uniti 16 zilizobaki zinatoka wapi. Huhitaji kemia ya chuo kikuu kumbana hapo, kidato cha nne kinatosha.

Kwa haki yake, jambo alilolitaja lipo duniani, na ni zuri mno kuachiwa matapeli.

Mwaka 2015 timu ya mwanakemia Stuart Licht wa Chuo Kikuu cha George Washington, Marekani, ilionyesha kwamba hewa ukaa inaweza kugeuzwa nanotyubu na nyuzi laini za kaboni. Nanotyubu ni kama jamvi lililokunjwa likawa mrija, ila jamvi lenyewe lina unene wa atomu moja, na mrija ni mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Ni imara na nyepesi, na inapitisha umeme vizuri. Kwenye betri, plastiki na hata saruji, kiasi kidogo chake hubadilisha tabia ya kitu kizima.

Ukitaka kuona kwa macho jinsi wanavyofanya, fikiria Ol Doinyo Lengai. Ule mlima hautoi lava kama volkano nyingine. Lava yake ni magadi yaliyoyeyuka: nyeusi, inatiririka kama oili ya gari, na joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava ya kawaida hufika 1,100 na kupita. Magadi ni kaboneti, yaani hewa ukaa iliyoshikwa na metali. (Kamulia ndimu kwenye magadi ya jikoni uone povu linavyopanda. Hiyo ni hewa ukaa inayofunguliwa.) Licht alichukua kaboneti ya lithiamu, akaiyeyusha zaidi ya nyuzi 723, akazamisha elektrodi mbili, yaani vijiti vya kupitishia umeme, na kupitisha umeme. Upande mmoja kaboni inaota kama nywele juu ya chembe za nikeli, upande wa pili oksijeni safi inatoka. Ndani ya sufuria inabaki oksaidi ya lithiamu, ambayo ina njaa ya hewa ukaa kama ilivyo chokaa. Ukiipulizia hewa ukaa inainywa na kurudi kuwa kaboneti, kazi ikaendelea. Kinacholiwa pale ni hewa ukaa na umeme, basi.

Ni nzuri, sivyo? Tufanye hesabu kwa tanuri lako. Jiwe safi la chokaa likichomwa hadi karibu nyuzi 900 hupoteza asilimia 44 ya uzito wake, na kinachotoka ni hewa ukaa. Kwa tani 6 za chokaa kabla ya kuzimwa kwa maji, jiwe peke yake limetoa takriban tani 4.7 kwa mwezi, bila kuhesabu za kuni. Ndani ya tani hizo mna kaboni kama kilo 1,280. Kwa mtambo halisi, ambao tukadirie unakula mara mbili ya kile kiwango cha chini, yaani uniti 18 kwa kilo, unahitaji uniti 23,000 kwa mwezi. Ukikadiria shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni milioni 8 kila mwezi, umeme tu. Bado sufuria inayostahimili chumvi iliyoyeyuka, ambayo inakula chuma kama mchwa. Bado lithiamu inayoganda kwenye kaboni na lazima ioshwe. Bado umeme ukikatika saa mbili sufuria inageuka jiwe.

Na mwisho wa yote unaingia kwenye soko ambalo kinywe kinachimbwa ardhini. Ruangwa kule Lindi na Mahenge kule Ulanga kuna kaboni ambayo Mungu alishaipanga vizuri, inasubiri kuchimbwa tu. Ili mnunuzi aiache hiyo achukue yako, yako lazima iwe nanotyubu kweli, za urefu na unene uleule kila gunia, na karatasi ya maabara juu yake. Niliwahi kuitwa na kikundi kimoja kuangalia mtambo wa "kaboni ya kisasa" walioununua kwa mkopo. Mtambo ulikuwa unafanya kazi sawasawa. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi darini, na mjumbe mmoja alikuwa akitumia unga kupakia fensi yake.

Kuna njia nyingine inayotumia hewa ukaa nzima nzima bila kuivunja, na nitaipita haraka kwa kuwa si ya kikundi. Mwaka 1969 Shohei Inoue na wenzake huko Japani waligundua namna ya kuifunga ndani ya plastiki. Leo kampuni ya Covestro ya Ujerumani ina mtambo pale Dormagen, tangu 2016, unaotengeneza malighafi ya sponji za magodoro ambayo hadi asilimia 20 ni hewa ukaa. Iliyobaki ni mafuta ya petroli, na hayo ndiyo yanayobeba gharama ya nishati. Mbolea ya urea nayo ni hewa ukaa na amonia, na ndiyo inayokula nyingi kuliko bidhaa nyingine yoyote ya kemikali duniani. Ukiimwaga shambani hewa inarudi angani.

Kwa hiyo kurudisha hewa ukaa kuwa kaboni ni kupandisha maji mlimani kwa pampu, na mwenye pampu analipia kila ndoo. Lakini hewa ukaa ina mteremko pia. Mteremko huo ni jiwe, na ninyi mmekaa juu yake tangu enzi za baba yenu.

Chokaa iliyozimwa ikiachwa kwenye hewa yenye unyevu huvuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe lilelile ililotokana nalo. Hailipishi umeme, tena inatoa joto kidogo. Ndiyo iliyoshika nyumba za matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe, na kuta za Kilwa. Mafundi wa zamani hawakuwa na neno "kaboneti", lakini walijua kwamba lipu ya chokaa haikomai kwa kukauka. Ikikauka upesi inabaki unga. Walikuwa wakiinyunyizia maji siku baada ya siku, kwa sababu hewa ukaa haiingii kwenye chokaa kavu: inayeyuka kwanza katika utando wa maji, ndipo inakutana na kalisi, metali iliyo ndani ya chokaa.

Fanya jaribio hili na wenzako kabla ya kikao. Koroga kijiko cha chokaa iliyozimwa katika chupa ya maji safi, iache usiku kucha itulie, asubuhi mimina yale maji angavu ya juu, ya kuonekana kama hamna kitu. Ingiza mrija wa soda na upulize taratibu. (Pulizeni, msivute. Chokaa inachoma koo.) Baada ya muda mfupi maji yanakuwa kama maziwa. Ule ukungu ni jiwe, limetengenezwa na pumzi yako. Endelea kupuliza, nalo litaanza kupotea, maji yawe angavu tena, kwa sababu hewa ukaa ikizidi inaligeuza jiwe kuwa chumvi inayoyeyuka. Kumbuka hapo pa kusimama, nitaparudia.

Badala ya pumzi, weka moshi wa tanuri uliooshwa, na badala ya maji angavu, weka maziwa mazito ya chokaa. Unachopata ni kaboneti ya kalisi laini sana, ambayo viwanda huiita kaboneti iliyotuamishwa. Iko kwenye dawa ya meno, rangi za ukuta, mabomba ya plastiki, raba, karatasi. Na hii ndiyo malighafi ya kisasa ya kweli: kwa kubadilisha joto la maziwa, uzito wake na kasi ya hewa, unaamua chembe ziwe na umbo gani na ukubwa gani, hadi kufika kipimo cha nano, yaani sehemu za bilioni ya mita. Maziwa baridi hutoa chembe ndogo, ya moto hutoa kubwa. Viwanda vya karatasi vya Marekani, tangu miaka ya 1980, vimejengewa mitambo pembeni inayochukua moshi wa kiwanda kilekile na kurudisha unga mweupe kwenye karatasi. Viwanda vya sukari ya kiazi huko Ulaya huwa na tanuri la chokaa uwanjani, kwa sababu vinahitaji vyote viwili, chokaa na moshi wake, kusafishia maji ya sukari.

Kilo 74 za chokaa iliyozimwa zikinywa kilo 44 za hewa ukaa zinatoa kilo 100 za unga. Umeme unaohitajika ni wa feni na wa kukorogea. Ugumu uko kwingine, na sitaki uingie ukiwa umefumba macho. Moshi wa kuni una masizi. Usipooshwa kwa maji mara mbili, unga wako utakuwa wa kijivu na hakuna mtu wa rangi atakayeugusa. Jiwe likiwa na chuma, unga unapata wekundu. Ukipitisha pale pa kusimama, mali inayeyuka na kwenda na maji, na ukisimama mapema inabaki chokaa kali inayoharibu rangi ya mteja. Kukausha nako kunakula kuni. Zaidi ya yote, mshindani wako ni jiwe la chokaa lililosagwa tu, ambalo ni bei poa na linatosha kwa rangi nyingi za kawaida. Utauza pale tu mteja anapohitaji ulaini na weupe ambao kinu hakiutoi. Kwa hiyo msinunue hata feni kabla hamjatengeneza kilo 2 kwa ndoo, mkazipeleka kwa kiwanda cha rangi au cha mabomba, na kuuliza: mngenunua hii kwa bei gani, na ina kasoro gani?

La pili ni matofali, na kusema kweli ndilo ningeanza nalo mimi.

Kulikuwa na shindano kubwa la kimataifa, Carbon XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 20, kwa atakayegeuza hewa ukaa ya mitambo ya umeme kuwa bidhaa yenye thamani. Timu ya nanotyubu ilifika fainali, na walikuwepo hata waliotengeneza pombe. Aprili 2021 wakatangazwa washindi wawili, na wote wawili ni watu wa zege: CarbonCure ya Kanada, na CarbonBuilt iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Nilicheka kidogo siku ile. Miaka yote ya maneno ya anga za juu, halafu anayeshinda ni fundi tofali.

Hiyo ya CarbonBuilt ndiyo inayokuhusu. Wanapunguza saruji kwenye mchanganyiko na kuweka chokaa iliyozimwa mahali pake, wanafyatua tofali, wanaliacha lipoteze maji kidogo, kisha wanaliweka chumbani na kulipitishia moshi kama ulivyo, bila kuuchuja hewa ukaa yake kwanza na bila mgandamizo. Walijaribia kwenye mtambo wa makaa ya mawe huko Wyoming. Chokaa inakunywa hewa na kuwa jiwe linaloshika kokoto. Tazama uwanja wako: chokaa unayo, moshi unao, mashine ya kufyatulia unayo. Kinachokosekana ni chumba, feni, bomba refu la kupoozea moshi, na vipimo.

Hata mkibaki na saruji peke yake, tofali bichi likikaa katika hewa ukaa saa 24 hupata nguvu mapema, na saruji hunywa kama asilimia 10 ya uzito wake, pengine zaidi kidogo mambo yakienda vizuri. Mfuko wa kilo 50 unaweka ndani kilo 5, ambazo zikigawanywa kwa matofali 35 ni gramu 140 hivi kwa tofali. Si nyingi. Wakati wa kutengenezwa kiwandani mfuko huo ulitoa angani kilo 30 au zaidi. Faida mtakayoiona mfukoni ni ya muda na maji: siku chache za kumwagilia badala ya nyingi, na uwanja unaozunguka haraka.

Jaribuni kidogo kwanza. Fyatueni matofali 24 ya mchanganyiko mmoja. 12 myamwagilie kama kawaida. 12 yaache nusu siku kivulini, kisha yapange ndani ya pipa lenye mfuniko, yakiachana, na mpitishe hewa ukaa ya mtungi ile ya mashine za soda. (Mingi ya mitungi hiyo inatoka ardhini: kule Rungwe, Mbeya, hewa ukaa inachotwa kisimani, ikiwa imejitengeneza yenyewe.) Baada ya siku moja vunjeni tofali moja la pipa. Ombeni shule ya sekondari iliyo karibu matone ya fenoftalini, ile dawa ya maabara isiyo na rangi, mdondoshee kwenye pale palipovunjika. Panapogeuka waridi hewa ukaa haijafika. Panapobaki bila rangi pameshakuwa jiwe. Mara ya kwanza mtakuta ukanda mwembamba pembeni na moyo wote waridi. Hapo ndipo mnajifunza kulikausha zaidi au kulipa muda. Yaliyobaki mpeleke yakapondwe kwenye mashine ya kupimia.

Angalizo ambalo silirudii mara mbili: mbinu hii ni ya tofali lisilo na nondo. Saruji huilinda nondo kwa ukali wake wa chokaa. Hewa ukaa ikishaumaliza ukali huo, nondo inaanza kutu, inavimba, zege linapasuka. Msije mkapitishia moshi lenta au nguzo za mtu.

Kuhusu fedha za kaboni, hapo pia kijana amewapamba. Unga mweupe na tofali la chokaa vinarudisha sehemu ya kile ambacho tanuri lenu lenyewe limekitoa, na moshi wa kuni bado uko angani. Hakuna anayelipa kwa hilo bila vipimo na usajili, na kwa Tanzania mlango wa kuuliza ni kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mkitaka kupunguza moshi na kuokoa fedha kesho asubuhi, zibeni nyufa za tanuri na mkaushe kuni. Haipendezi kusimuliwa kikaoni kama nano, lakini inalipa.

Sasa hatari, naomba hili usome kwa sauti mbele ya vijana wa tanuri. Ndugu zetu wa Goma, Kongo, wana neno *mazuku*, yaani mashimo na mabonde ambayo hewa ukaa ya ardhini hujikusanya usiku. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena, na mtoto anayemfuata hali kadhalika. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, inakaa chini kama maji. Chumba chenu cha matofali, pipa lenu, na shimo la tanuri vinaweza kuwa mazuku. Pamoja nayo tanuri la kuni hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua kwa kiasi kidogo zaidi. Chumba kiwe na milango pande mbili, ifunguliwe yote na feni ipige nusu saa kabla mtu hajaingia, na asiingie peke yake. Mtu akianguka ndani, usimfuate ukiwa umebana pumzi. Hivyo ndivyo wanavyokufa wawili na watatu. Fungua, puliza hewa, mvute kwa kamba, hospitali moja kwa moja hata kama amezinduka. Mfanyakazi anayeumwa kichwa kila siku ya kuchoma na kupona siku za mapumziko naye aende kwa daktari, na amwambie kazi anayofanya. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 20 bila kusugua, kisha hospitali.

Kuna mambo ambayo mimi wa mbali siwezi kukuamulia. Chumba cha kupitishia moshi kionwe na mtu wa OSHA, wakala wa usalama kazini, kabla hakijatumika. Jiwe lenu lipimwe chuma na magnesiamu, na idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha ni mahali pa kuanzia. SIDO Tanga, shirika la viwanda vidogo, waulizeni kuhusu feni na chumba, na matofali yakienda sokoni shirika la viwango, TBS, lina viwango vyake. Na iwapo kuna mwenzenu aliyekwisha saini karatasi au kutoa hela kidogo, msione haya: chukueni ile karatasi, tafuteni jina la kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha mwoneni mwanasheria wiki hii hii.

Kijana akirudi, mpokeeni vizuri. Mwambieni kikundi kitanunua mashine siku itakapofanya kazi kwenye mtungi wa hewa ukaa safi, bila moshi wa kuni, ikiwa imeunganishwa kwenye mita ya LUKU yenye uniti 2, na unga utakaotoka upimwe mbele yenu kwa mizani ya sonara. Mkae naye siku nzima, mmpe na chakula.